Kugombea Kiti cha Bodi ya Shule Marekani: Mwongozo Kamili, Kuanzia Saini ya Kwanza hadi Siku ya Kura

Waswahili wengi tulioko Marekani tumeona jambo lile lile likijirudia. Ndugu yetu anatangaza kugombea bodi ya shule, ukumbi unajaa, picha zinasambaa WhatsApp, kisha ofisi ya uchaguzi inakataa fomu zake kwa sababu saini halali hazikutosha. Mwingine anavuka kizingiti hicho, halafu Novemba anaanguka kwa kuwa waliomshangilia hawakuwa kwenye daftari la wapiga kura, au walikuwamo lakini wanapigia kura wilaya jirani.

Watoto wetu wamejaa katika shule hizi, na maamuzi juu ya mabasi yao, bajeti yao na wakalimani wa wazazi wao hufanyika mezani ambapo mara nyingi hakuna mzazi anayeifahamu safari yetu. Kwa hiyo hapa nimeandika kazi yenyewe, hatua kwa hatua. Mifano mingi nimeitoa Ohio. Kila jimbo lina sheria zake, na penye tofauti kubwa nimesema.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kutangaza

Usimtangazie mtu chochote kabla vitu hivi havijakaa mezani kwako:

- Uthibitisho kwamba umeandikishwa kupiga kura, kwa jina na anwani unayoishi sasa.
- Ramani ya wilaya ya shule kutoka ofisi ya uchaguzi ya kaunti. Ramani ya jiji haitoshi.
- Mwongozo wa wagombea wa jimbo lako wa mwaka huo, pamoja na kalenda ya tarehe za mwisho.
- Fomu za kugombea, na kalamu za wino za kutosha.
- Mtu mmoja mwaminifu wa kuwa mweka hazina, anayejua kutunza risiti.
- Akaunti ya benki ya kampeni, mbali na akaunti yako ya nyumbani.
- Nakala ya daftari la wapiga kura wa wilaya yako. Ofisi ya uchaguzi hulitoa, mara nyingi bure au kwa bei ndogo.
- Watu watano walio tayari kutembea nawe kila wikendi. Hamsini wa kupiga makofi watakuja baadaye wenyewe.

## Hatua ya 1: Hakikisha unaruhusiwa kugombea

Katika majimbo mengi lazima uwe raia wa Marekani, uwe na miaka 18 au zaidi, uwe umeandikishwa kupiga kura, na uwe unaishi ndani ya wilaya hiyo ya shule. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu asubiri uraia kwanza.

Angalia pia kazi yako. Ndugu zetu wengi ni madereva wa basi la shule, wasaidizi wa darasani au wakalimani wa wilaya. Ohio, sawa na majimbo mengi, haimruhusu mfanyakazi wa wilaya kukaa kwenye bodi ya wilaya hiyo hiyo, maana angekuwa mwajiri wa nafsi yake. Kama ndio mkate wako, uliza mapema itakubidi uache kazi lini, na ukae na familia muamue kabla ya kuchukua fomu.

Kuna onyo ambalo nakuomba ulibebe mpaka mwisho wa kampeni. Asiye raia asijiandikishe kupiga kura, asitie saini fomu yako, asipige kura. Kosa hilo linaweza kumfungia mlango wa uraia na hata kumrudisha alikotoka, hata kama alidanganyika kwa nia njema. San Francisco huwaruhusu wazazi wasio raia kupigia kura bodi ya shule, lakini hata huko mtu azungumze na mwanasheria wa uhamiaji kwanza. Kwako wewe mgombea, kura moja haina thamani ya kuvunja nyumba ya mtu.

Asiye raia anaweza kujitolea bila malipo: kupika, kupiga simu, kugawa vipeperushi, kutembea nawe mitaani. Mpe kazi hizo kwa heshima.

## Hatua ya 2: Jua mpaka wa wilaya, mtaa kwa mtaa

Hapa wengi hupotea bila kujua. Marekani ina wilaya za shule takriban 13,000, na mipaka yake mara nyingi haifuati mipaka ya jiji. Columbus ni mfano mzuri. Kuna watu wenye anwani ya Columbus, wanaolipa maji Columbus, lakini watoto wao wanasoma chini ya wilaya za Westerville, Hilliard, Dublin au South-Western. Hao hawawezi kukupigia kura ukigombea Columbus City Schools, na saini zao kwenye fomu yako hazihesabiwi.

Chukua orodha ya watu unaowategemea. Ingiza anwani ya kila mmoja kwenye tovuti ya ofisi ya uchaguzi ya kaunti, kisha andika pembeni: ameandikishwa au la, na wilaya yake ya shule ni ipi. Kazi hii inachosha na inavunja moyo, maana orodha ya watu 200 inaweza kubaki na 60. Afadhali moyo uvunjike Machi kuliko Agosti.

Umefaulu hatua hii pale unapoweza kusimama katika njia panda yoyote ya mtaa wako na kusema upande upi ni wilaya yako.

## Hatua ya 3: Ijue bodi kabla ya kuiahidia watu

Bodi huajiri na kumsimamia msimamizi mkuu wa shule, hupitisha bajeti na sera, huidhinisha mikataba, na katika Ohio huamua kama wilaya ipeleke kwa wapiga kura ombi la kodi ya shule. Mjumbe mmoja hana amri peke yake. Bodi nyingi za Ohio zina wajumbe watano, Columbus wako saba, na uamuzi ni wa wingi wa kura.

Kwa hiyo usiahidi kumwondoa mwalimu fulani, wala kurudisha mtoto wa mtu aliyefukuzwa. Wapiga kura wanaoifahamu bodi watakubaini mara moja, na wasioifahamu watakudai baadaye.

Hudhuria vikao vya bodi. Viko wazi kwa umma, na nyingi hutenga muda wa wananchi kuzungumza, kwa kawaida dakika tatu kila mtu. Jiandikishe uzungumze angalau mara moja kabla ya kutangaza. Soma bajeti yote, hata kama ni kwa kamusi. Kaa na wazazi wa jamii nyingine vikaoni, uwasikilize wanalalamikia nini. Utashangaa jinsi malalamiko yao yanavyofanana na ya kwetu: basi linachelewa, mtoto wa darasa la tatu hasomi vizuri, ofisi ya shule haipokei simu.

## Hatua ya 4: Mweka hazina kwanza, mchango baadaye

Sisi ni watu wa harambee. Mtu akisema ana jambo, kikapu kinapita na noti zinaingia. Kwenye kampeni ya Marekani desturi hiyo nzuri inaweza kukupeleka pabaya.

Ohio inataka umwandikishe mweka hazina kabla ya kupokea au kutumia fedha yoyote. Baada ya hapo omba namba ya EIN, yaani namba ya utambulisho wa kodi ya kamati yako, kutoka idara ya kodi ya taifa, IRS. Haina malipo. Kisha fungua akaunti ya benki kwa jina la kamati ya kampeni. Kila senti iingie humo na itoke humo.

Yashike haya bila kulegeza:

Hakuna kikapu kisicho na majina. Kila mchangiaji aandikwe jina, anwani, tarehe na kiasi. Ohio haikubali fedha taslimu inayozidi dola 100 kutoka kwa mtu mmoja katika uchaguzi mmoja. Hundi au malipo ya kadi ni salama zaidi.

Fedha za nje hazipokelewi. Sheria ya taifa inakataza mgeni kuchangia uchaguzi wowote, ukiwemo wa bodi ya shule. Kaka yako aliye Nairobi, Bukavu au Muscat, ambaye si raia wa Marekani wala hana kadi ya ukaazi wa kudumu, asikutumie hata dola tano. Hali ni hiyo hiyo kwa mwanafunzi wa viza au mwombaji hifadhi anayeishi nyumba ya pili kutoka kwako. Sheria ya taifa inamruhusu mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu kuchangia, lakini sheria ya Ohio ya mwaka 2024 inamkataza hata yeye; kwingineko, uliza sheria ya jimbo lako kwanza.

Fedha za chama cha jamii zisiguswe. Chama kilichosajiliwa kama shirika la hisani chini ya kifungu 501(c)(3) hakiruhusiwi kumuunga mkono mgombea wala kumchangia. Mwenyekiti wa chama anaweza kukuchangia kutoka mfukoni mwake mwenyewe. Akitoa kwa hundi ya chama, rudisha.

Nimekawia hapa kwa sababu kosa la fedha haliishii kwako. Linaweza kuangusha chama kilichowazika wazee wetu na kuwapokea wageni wetu kwa miaka mingi.

## Hatua ya 5: Saini, mahali fomu zinapoangukia

Majimbo hutofautiana sana. Minnesota, kwa mfano, mgombea wa bodi ya shule hujaza hati na kulipa ada ya dola 2. Ohio inataka saini. Kwa wilaya ya shule ya jiji lenye watu wasiofika 20,000 ni saini 25. Kati ya 20,000 na 50,000 ni 75. Kati ya 50,000 na 100,000 ni 150. Kuanzia 100,000, kama Columbus, ni 300. Na kuna kikomo cha juu: fomu zenye saini zaidi ya mara tatu ya kiwango cha chini hazipokelewi.

Siku ya mwisho kuwasilisha ni siku ya 90 kabla ya uchaguzi, saa kumi kamili jioni. Uchaguzi wa bodi Ohio hufanyika Novemba ya miaka ya namba witiri, hivyo kwa uchaguzi wa tarehe 2 Novemba 2027, siku hiyo ni tarehe 4 Agosti. Thibitisha na kaunti yako.

### Jinsi ya kuandaa fomu

Jaza sehemu ya tamko la mgombea, utie saini, kabla ya kumpa mtu wa kwanza asaini. Kisha toa nakala za karatasi hiyo iliyojazwa na uzisambaze. Ukisambaza karatasi tupu na kujaza jina lako baadaye, saini zote zilizomo zinakufa.

Andika jina lako lile lile lililo kwenye daftari la wapiga kura. Wakongo na Warundi wengi majina yao yaligeuzwa kwenye karatasi za ukimbizi, la ukoo likakaa mwanzo. Wengine walibadilisha jina siku ya kula kiapo cha uraia. Angalia daftari linasemaje, na kama limekosea, lirekebishe kabla ya jambo lolote.

### Jinsi ya kukusanya

Lenga saini mara mbili ya kiwango. Ukihitaji 300, kusanya 600. Nyingi zitakataliwa, na sababu ni hizi: mtu hajaandikishwa, amehama apatimenti bila kubadilisha anwani, anaishi wilaya nyingine, au saini yake haifanani na iliyo ofisini.

Usikusanye harusini wala kwenye sherehe ya ubatizo. Najua ndipo watu wetu walipo, lakini wametoka wilaya tano, na hakuna atakayekataa kukusaidia hata kama saini yake haifai. Anza na orodha uliyoisafisha katika Hatua ya 2, halafu nenda mlango kwa mlango ukiwa na daftari mkononi, ukigonga nyumba za walioandikishwa tu.

Kabla ya mtu kusaini, muulize maswali haya kwa utaratibu:

"Umeandikishwa kupiga kura?"

"Kwa anwani hii hii unayoishi sasa?"

"Wewe ni raia?" Hili waulize watu wetu kwa upole na faraghani, umweleze kwa nini unauliza. Akisita, mshukuru na ufunge daftari.

Anayekusanya lazima aione kila saini ikitiwa. Karatasi isiachwe kaunta ya duka la nyama wala kwenye meza ya msikiti ijijaze yenyewe. Mume asimsainie mkewe, mtoto asimsainie mama asiyejua kuandika. Mwisho wa karatasi, mkusanyaji huandika idadi ya saini alizoshuhudia na kutia saini yake chini ya adhabu ya sheria. Akiandika idadi ndogo kuliko zilizomo, karatasi nzima inaweza kutupwa. Kusema uongo kwenye fomu hiyo ni jinai nzito Ohio.

### Kabla ya kuwasilisha

Kaa na mtu mwingine mkague kila saini dhidi ya daftari. Anayekusanya anaruhusiwa kufuta saini mbaya kabla ya kuwasilisha. Baada ya kuwasilisha, hairuhusiwi kuongeza, kufuta wala kusahihisha hata herufi.

Piga nakala ya kila ukurasa. Peleka wiki mbili kabla ya siku ya mwisho, ukiwa na ada, na uombe risiti yenye muhuri wa saa.

Umefaulu pale bodi ya uchaguzi inapothibitisha rasmi jina lako. Mpaka hapo usichape bango.

## Hatua ya 6: Tafuta namba yako

Chukua matokeo ya chaguzi mbili au tatu zilizopita za bodi yako. Angalia mshindi wa mwisho, yaani aliyechukua kiti cha mwisho kilichokuwepo, alipata kura ngapi. Ongeza asilimia kumi. Hilo ndilo lengo lako.

Tuseme viti ni vitatu na mshindi wa tatu alipata kura 6,000. Lengo lako ni 6,600. Sasa fungua daftari uhesabu: Waswahili walioandikishwa ndani ya wilaya ni wangapi, na kati yao wangapi walipiga kura katika mwaka wa witiri uliopita? Tuseme unakuta 500 wameandikishwa na 140 tu walipiga. Hata ukiwatoa wote 500 nyumbani, bado unahitaji zaidi ya 6,000 kutoka kwa watu wasiokufahamu.

Hesabu hii ndiyo inayobadilisha kampeni nzima. Jamii yetu ni nguvu kazi yako, ndiyo itakayotembea, kupika na kuendesha gari. Kura nyingi ziko kwa jirani Mmarekani mwenye mtoto darasa moja na wako, kwa mwalimu mstaafu, kwa bibi anayepiga kura kila uchaguzi bila kukosa tangu ujana wake. Daftari linaonyesha nani alipiga kura uchaguzi upi, ingawa halionyeshi alimpigia nani. Anza na wale wanaopiga kila mara.

Jambo jingine la kujua: palipo na viti vitatu, kila mpiga kura anaweza kuchagua mpaka majina matatu, lakini halazimiki. Mfuasi wako wa dhati akichagua jina lako tu na kuacha mengine, hajawaongezea kura wapinzani wako. Ni halali. Waeleze ndugu zako hilo, kisha kila mtu aamue mwenyewe.

## Hatua ya 7: Sentensi moja na mambo matatu

Andika sentensi moja inayojibu "kwa nini wewe?" Kama hii: "Mimi ni mzazi wa watoto wawili wa wilaya hii, nimeendesha basi la shule, na nataka kila mtoto afike darasani kwa wakati na ajue kusoma akifika darasa la tatu."

Ongeza mambo matatu ambayo bodi ina uwezo nayo kweli. Yawe mambo ya wilaya nzima. Ukalimani kwa wazazi ni jambo zuri, lakini uliseme kama haki ya kila mzazi: Mswahili, Mnepali, Mhispania, kiziwi.

Ifanyie mazoezi kwa Kiingereza mpaka itoke bila karatasi. Lafudhi yako si kasoro. Sema polepole, umalize sentensi zako, usiombe radhi kwa jinsi unavyoongea.

## Hatua ya 8: Milango

Hakuna kilichowahi kuchukua nafasi ya kugonga mlango katika uchaguzi mdogo kama huu. Mabango ya uani hayapigi kura, na video ya WhatsApp huishia kwa wale wale. Fedha yako ya kwanza iende kwenye vipeperushi vya kuacha mlangoni, ya mwisho kwenye mabango.

Nendeni wawili wawili, mchana, mmevaa beji yenye jina. Kwa saa moja mtagonga nyumba kama 15 hadi 20, na nyingi hazitafunguka. Acha kipeperushi kwenye kitasa. Usiweke kwenye sanduku la barua: sheria ya taifa inakataza kuweka kitu kisicho na stempu humo. Kwenye majengo ya apatimenti, omba ruhusa ofisini.

Hatua moja nyuma baada ya kugonga, mikono ionekane, tabasamu. Sema jina lako, mtaa wako, unachogombea, kisha uulize swali na unyamaze. Kwa mlango wa Mswahili mazungumzo huwa hivi:

— Hodi! Shikamoo mama.

— Marahaba mwanangu. Karibu.

— Asante mama, sitakaa sana. Naishi mtaa wa pili hapo, wanangu wanasoma shule hii ya jirani. Nagombea bodi ya shule. Naomba kukuuliza, ni jambo gani la shule linalokunyima usingizi?

Mama huyo atakueleza mengi. Msikilize, lakini usikubali kuketi kula, maana kuna milango arobaini mbele. Mwambie utarudi Jumapili, na urudi kweli.

Kabla ya kuondoka omba waziwazi: "Naweza kutegemea kura yako?" Watu wetu huona aibu kuomba hivyo. Mpiga kura haoni vibaya, anaona umemheshimu. Ukishafika njiani, andika namba mbele ya jina lake: 1 ni hakika, 2 anaelekea, 3 hajaamua, 4 hapana. Bila namba hizo hutakuwa na la kufanya Oktoba.

Ukitukanwa, shukuru na uondoke. Usijibu, usirudi, waambie wenzako waruke nyumba hiyo.

Hatua hii inakwenda vizuri ikiwa kila Jumapili usiku una idadi mpya ya namba 1 na 2, na inapanda kuelekea lengo lako.

## Hatua ya 9: Majukwaa, hojaji na nyumba za ibada

League of Women Voters, shirika la kiraia lisiloegemea chama, hutoa mwongozo wa wagombea kabla ya uchaguzi. Jibu maswali yao mapema. Wapiga kura makini husoma majibu hayo wakiwa na karatasi ya kura mkononi, na nafasi tupu mbele ya jina lako huwaambia hujali. Chama cha walimu cha wilaya nacho kwa kawaida huleta hojaji. Jibu kwa ukweli hata pale msipokubaliana.

Kanisani na msikitini, mwombe mchungaji au imamu awakaribishe wagombea wote katika kikao kimoja. Ni salama kwa nyumba ya ibada, na wewe utang'ara kwa kuwa ndiwe unayefahamika pale.

Usitumie barua pepe ya shule, orodha ya simu za wazazi, wala nembo ya wilaya kwenye vipeperushi. Na kila chapisho liseme nani amelilipia, kama sheria ya jimbo lako inavyoelekeza.

## Hatua ya 10: Kura za mapema hadi siku yenyewe

Ohio, kujiandikisha hufungwa siku 30 kabla ya uchaguzi, na kura ya mapema ya ana kwa ana huanza siku inayofuata mwisho wa kujiandikisha. Kwako wewe uchaguzi umeanza siku hiyo. Wapigie simu namba 1 wako wote na uwaulize wataenda lini, saa ngapi, na nani atawapeleka. Anayetaja siku na saa huenda. Anayesema "Mungu akipenda" mpigie tena.

Kumbusha kitambulisho. Ohio inataka chenye picha, kama leseni ya Ohio au pasipoti ya Marekani. Pasipoti ya Kenya au Kongo haikubaliki. Raia mpya ambaye leseni yake bado imeandikwa kwamba si raia aibadilishe mara tu baada ya kiapo, asingoje Oktoba.

Sheria ya taifa inayozitaka baadhi ya kaunti kuchapa karatasi za kura kwa lugha nyingine haihusu Kiswahili. Lakini asiyeweza kusoma ana haki ya kuingia na msaidizi anayemtaka mwenyewe, isipokuwa mwajiri wake au mwakilishi wa chama chake cha wafanyakazi. Panga binti, jirani au rafiki amsindikize bibi yako. Wewe usimsaidie, maana Ohio inamkataza mgombea aliye kwenye karatasi ya kura kumsaidia mpiga kura.

Kumpa mtu lifti ni sawa. Kumpa zawadi, fedha au sahani ya pilau kwa sharti la kura ni jinai. Pilau ipikwe nyumbani kwa wanaojitolea, jioni, vituo vikishafungwa.

Siku ya kura, vituo vya Ohio hufunguliwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa moja na nusu jioni. Nje ya kila kituo kuna bendera ndogo za Marekani zinazoonyesha umbali wa futi 100. Ndani ya bendera hizo hakuna fulana yenye jina lako, hakuna kipeperushi, hakuna kumnong'oneza mtu. Mwambie kila anayejitolea mara mbili. Aliyefika kwenye foleni kabla ya kufungwa ana haki ya kupiga kura, asikubali kuondoka.

## Hatua ya 11: Wiki baada ya matokeo

Hesabu ya kwanza si ya mwisho. Matokeo huthibitishwa rasmi siku kadhaa baadaye, na pengo likiwa dogo sana kura huhesabiwa upya. Usitoe hotuba ya ushindi wala ya lawama usiku ule ule.

Ondoa mabango yote ndani ya siku chache. Wapigie simu waliotembea nawe, mmoja mmoja. Mweka hazina awasilishe ripoti ya fedha ya baada ya uchaguzi hata kama umeshindwa, kwa sababu faini ya kuchelewa haijali nani alishinda. Fedha iliyobaki isiingie nyumbani kwako: muulize afisa wa uchaguzi njia halali za kuitumia au kuifunga akaunti.

Kama umeshinda, utaapishwa Januari. Kabla ya kikao cha kwanza, omba mafunzo ya wajumbe wapya na usome kumbukumbu za vikao vya mwaka mzima uliopita.

Kama umeshindwa, hifadhi daftari lile lenye namba zako mahali salama. Kiti kikibaki wazi katikati ya muhula, bodi za Ohio hujaza nafasi hiyo kwa kuteua, na anayehudhuria vikao huku akijulikana kwa kazi ana pa kuanzia. Kikao kinachofuata kiandike kwenye kalenda yako, na siku ikifika ujiandikishe kuzungumza dakika zako tatu.